Maji yakirudi nyuma, nani ataulizwa?

Kila mwaka, katika miji mingi ya huku Marekani, mwenye hoteli, kiwanda, kliniki au jengo la kupangisha hupokea barua kutoka ofisi ya maji. Barua yenyewe ni fupi na haina adabu nyingi. Inasema vali yako ya kuzuia maji yasirudi imefikia muda wa kupimwa. Mwite fundi mwenye cheti, aipime, ajaze fomu, na fomu itufikie kabla ya tarehe fulani. Usipofanya hivyo tutakukatia maji. Basi. Hakuna "tunakuomba", hakuna "kwa hisani yako". Wengi wetu tunaofanya kazi za usafi na matengenezo katika majengo haya tumepita mbele ya barua hiyo ikiwa imebandikwa kwenye ubao wa chumba cha mitambo, tukaiona ni mambo ya wenye nyumba. Leo tunaomba wasomaji wetu waisome pamoja nasi, kwa sababu ndani yake mna tabia ambayo nyumbani hatujaizoea, na kutoizoea huko kunatuweka hatarini.

Watu wengi hudhani maji ya bomba yana safari moja tu: yanatoka mtamboni, yanapita barabarani, yanaingia nyumbani, yanatoka kwenye koki. Si kweli. Maji hayajui kwao ni wapi. Yanakwenda kule ambako presha ni ndogo. Kwa kawaida presha ya bomba la barabarani ni kubwa kuliko ya ndani ya nyumba, ndiyo maana maji yanakuja kwako. Lakini bomba kuu likipasuka bondeni, au wazima moto wakifungua maji kwa nguvu kuokoa nyumba inayoungua, presha ya barabarani huanguka ghafla, na hapo nyumba zilizo juu huanza kunyonywa. Kama mpira wako wa kumwagilia bustani umelala ndani ya pipa la dawa ya wadudu, dawa hiyo hupanda mpirani na kuingia katika bomba la mtaa mzima. Hiyo ni njia ya kwanza. Ya pili ni pale presha ya ndani ya jengo inapoizidi ya nje. Boila, pampu ya ghorofani, mtambo wa dawa wa dobi la hoteli, hivi vyote vinaweza kuyasukuma maji yake yarudi yalikotoka. Jirani akifungua koki yake kunywa, anakunywa ya kwako.

Hizi si hadithi za kutisha watoto. Mwaka 1933 mji wa Chicago ulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia, wageni wakamiminika kutoka kila jimbo. Katika hoteli mbili zilizokuwa zikitumia maji ya pamoja, mabomba machakavu ya majitaka na ya maji safi yalikuwa yameingiliana. Wageni wakala, wakanywa, wakarudi makwao, na huko ndiko walikougulia kuhara damu. Madaktari wa mbali hawakuwa na habari, na baadhi ya wagonjwa walipasuliwa tumbo kwa kudhaniwa wana kidole tumbo. Hesabu iliyobaki katika vitabu ni wagonjwa 1,409 na waliokufa 98. Tunaomba msomaji aitafakari hiyo: watu 98, katika mji tajiri, katika hoteli za watu wenye uwezo.

Mwaka 1969, huko Worcester, Massachusetts, timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo cha Holy Cross iliangushwa na homa ya manjano ya ini. Kati ya watu 97 waliohusika, 90 walionekana wameambukizwa, na baada ya michezo miwili tu msimu ukafutwa. Uchunguzi ulipofanyika ilibainika kwamba wazima moto walikuwa wakizima nyumba jirani, presha ikashuka, na maji machafu yaliyotuama katika kishimo cha bomba la kumwagilia uwanja, mahali walipokuwa wakichezea watoto wenye ugonjwa huo, yakanyonywa hadi kwenye maji waliyokuwa wakinywa wachezaji mazoezini. Moto ulikuwa mahali pengine kabisa. Wachezaji hawakuuona hata moshi wake, pengine.

Na kama kuna anayedhani kwamba hayo yalikuwa ya zamani, tumpeleke Finland. Mji wa Nokia, huo huo ulioipa jina ile simu tuliyokuwa tukiringa nayo, mwishoni mwa Novemba 2007 ulinyweshwa majitaka. Katika mtambo wa kusafisha majitaka, bomba la maji yaliyokwisha kupita mtamboni na bomba la maji ya kunywa yalikuwa yameunganishwa kinyume cha taratibu, katikati pakawekwa vali. Wakati wa matengenezo vali ikafunguliwa. Yapata lita 450,000 zikaingia katika maji ya mji wenye watu wapatao 30,000, na walioumwa walikadiriwa kuwa zaidi ya 8,000. Finland, ndugu zetu. Nchi ambayo sisi huipigia mfano kila tunapotaka kusema jambo linafanyika sawasawa. Halafu Desemba 2016 mji wa Corpus Christi huko Texas, wenye watu zaidi ya 300,000, ukaambiwa usiguse maji ya bomba, hata kwa kuoga, kwa sababu ya kemikali ya kutengenezea lami iliyosemekana kurudi kutoka eneo la kiwanda. Zuio hilo liliondolewa baada ya siku nne. Maduka yaliishiwa chupa za maji.

Sasa tuje kwenye kifaa chenyewe, maana hatutaki kuwa watu wa kulia tu bila kusema kinachofanyika.

Vali ya kinga tunayoizungumzia si vali moja. Ni seti. Kuna koki ya kufungia mwanzoni na nyingine mwishoni. Katikati kuna vali mbili za njia moja, kila moja na springi yake na kidani cha mpira kinachokalia ukingo wa chuma. Na pembeni kuna vikoki vidogo vinne vya kuchomekea geji. Kwa mahali penye hatari ndogo, seti hiyo ya vali mbili inatosha. Kwa mahali penye sumu, kama hospitali, maabara, kiwanda au mahali pa kuoshea magari, huongezwa kitu cha tatu: mlango wa dharura ulio kati ya zile vali mbili, unaoangalia chini. Vali ya kwanza inayapunguzia maji presha kidogo yanapopita, kwa hiyo kile chumba cha katikati huwa na presha ndogo kuliko bomba la nje, siku zote. Mlango wa dharura umeshikwa na tofauti hiyo. Tofauti ikiwepo, umefungwa. Tofauti ikikaribia kuisha, yaani ikishuka hadi pauni 2 kwa inchi ya mraba au hapo kabla, mlango unafunguka na kuyamwaga maji sakafuni kabla hayajapata nafasi ya kurudi barabarani.

Hapo ndipo penye ugomvi wa kila siku kati ya fundi na mwenye jengo. Mwenye jengo anaona sakafu imelowa, anasema kifaa ni kibovu. Anamwambia mfanyakazi aliyepo, mara nyingi ni mmoja wetu, azibe. Anaziba kwa kitambaa, kwa kizibo, kwa gundi, kwa lolote. Sakafu inakauka, bwana mkubwa anafurahi. Kumbe kile kitu kilikuwa kinapiga kelele kwa lugha pekee kinayoijua, na sisi tumekiziba mdomo. Tunawaomba sana ndugu zetu mlio katika kazi hizi: mlango ule usizibwe kamwe, kwa amri ya yeyote. Kama unatoa maji, kuna sababu, na sababu inatafutwa.

Na kuitafuta si uchawi. Funga koki ya pili, ile ya upande wa jengo. Maji yakiacha kumwagika, basi vali ya pili ndiyo inayovuja na ndani ya jengo kuna kitu kinachosukuma. Hilo ni la kuogopwa, kwa sababu kile unachokiona sakafuni kinatoka ndani. Kama maji yanaendelea kumwagika, fungua kikoki cha nne maji yatembee kidogo. Yakikoma kumwagika wakati maji yanatembea, tatizo liko kwenye vali ya kwanza, kuna uchafu umekaa kati ya mpira na ukingo wake. Yakiendelea hata hapo, mlango wa dharura wenyewe ndio mgonjwa. Fundi mzuri anajua hayo kabla hajagusa spana.

Matengenezo yenyewe yanaanza kwa kupima, na kipimo cha kwanza kinaandikwa kabla ya kufungua chochote. Jambo hili mafundi wavivu hulikwepa. Wanafungua, wanasafisha, ndipo wanapima, wanaandika "nzuri". Lakini ofisi ya maji inataka kujua ilikuwaje kabla, kwa sababu kama vali ilikuwa imekufa, mtaa ulikuwa bila kinga kwa muda fulani na huenda kuna watu wa kuulizwa hali zao. Kisha wenye jengo wanaarifiwa kwamba maji yatafungwa. Kama ni bomba la kuzimia moto, watu wa kengele za moto wanaarifiwa pia, la sivyo magari ya zimamoto yatafika mlangoni na ving'ora vyake. Koki zote mbili zinafungwa, vikoki vidogo vinafunguliwa presha itoke, ndipo kifuniko kinalegezwa kwa uangalifu maana ndani kuna springi iliyokandamizwa, na springi haina urafiki na macho ya mtu.

Ndani, mara nyingi, mkosaji ni mdogo kiasi cha kuchekesha. Punje ya mchanga. Kipande cha kutu. Kipande cha ile tepu nyeupe wanayozungushia mafundi kwenye nyuzi za bomba. Punje hiyo imelala kati ya mpira na ukingo, na kwa ajili yake vali nzima haifungi. Mpira uliochimbika unabadilishwa. Wapo wanaougeuza upande wa pili ili siku ipite, sisi tunasema ubadilishwe, kwani ukishatoa kifuniko kazi ngumu umekwisha kuifanya. Spea ziwe za kampuni iliyotengeneza vali hiyo na za namba ya vali hiyo, si mpira uliokatwa kutoka tairi la baiskeli. Springi haivutwi ili "ipate nguvu". Ukingo wa chuma haukwanguliwi kwa bisibisi, kwa sababu mkwaruzo mmoja utavujisha maji miaka yote iliyobaki. Mafuta ya kulainishia oringi ni yale yaliyoruhusiwa kwa maji ya kunywa, wala si grisi ya gari. Kwenye mlango wa dharura, kiwambo cha mpira kinakaguliwa kama kimepasuka, na kile kijinjia chembamba kinachopeleka presha kwenye kiwambo kinazibuliwa, maana kikiziba mlango unakuwa kipofu. Halafu kifuniko kinarudi, koki ya kwanza inafunguliwa polepole, hewa inatolewa, ya pili inafunguliwa. Anayefungua kwa pupa hupeleka kishindo cha maji kinachoweza kukipasua kiwambo kipya alichokiweka dakika tano zilizopita.

Kisha anapima tena. Kwa seti yenye mlango wa dharura, mlango ule uwe umefunguka kabla tofauti haijashuka chini ya pauni 2. Kwa seti ya kawaida, kila moja ya vali mbili ishike angalau pauni 1 kwa mwendo wa maji. Anaandika tarakimu, anaandika namba ya geji yake, kwa sababu geji nayo hupimwa na kuthibitishwa kila mwaka, halafu anaweka sahihi na namba ya cheti chake. Hapo ndipo kazi inaitwa imekwisha.

Tukubaliane kwamba hata huku hawakukamilika. Wapo mafundi wanaojaza fomu ndani ya gari bila kushuka, tarakimu za mwaka jana wakazinakili mwaka huu. Lakini tofauti iko hapa: fomu ina jina. Siku watu wakiumwa, kuna karatasi, kuna sahihi, kuna mtu wa kuitwa. Chuo Kikuu cha Southern California kina kituo tangu mwaka 1944 kinachofanya utafiti wa mambo haya tu, cha vali na namna ya kuzipima. Watu wameona jambo hili linastahili maisha ya kisomi.

Sasa tugeuke nyumbani. Katika Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi, Unguja mjini na kwingineko, maji ya bomba kwa mitaa mingi huja kwa zamu. Leo upande huu, keshokutwa upande ule. Wenzetu wa huku presha yao huanguka kwa ajali, mara moja moja. Ya kwetu huanguka kwa ratiba. Kila bomba linapokauka na kujaa tena, lile tundu dogo lililopita katika mfereji wa majitaka, ambalo wakati wa presha lilikuwa likivujisha maji nje, sasa linavuta ndani. Kila mwanamke aliyewahi kuamka saa tisa za usiku kukinga maji anajua kwamba ndoo za mwanzo hutoka na rangi ya udongo. Hatuhitaji profesa kutueleza hiyo rangi imetoka wapi.

Juu ya hapo sisi wenyewe tumeongeza pampu. Jirani mwenye uwezo amechoka kusubiri, amenunua pampu na kuifunga moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Inavuta. Inavuta maji, na maji yakiwa haba inavuta chochote kilichopo katika mabomba ya wengine. Yeye anajaza simtanki lake, sisi wengine tunapata upepo kwenye koki na mita inazunguka, tunalipia hewa. Na usiku mwingine mambo hugeuka: mtu amejaza tangi lake, halafu bomba la mtaa likakauka, na kwa kuwa bomba lake la kuingizia limechomekwa chini ya tangi, maji yake yote yanateremka kurudi mtaani. Asubuhi anakuta tangi tupu, anamtukana mlinzi. Mlinzi wa watu hana kosa. Kilichokosekana ni vali, au ilikuwepo na ina punje ya mchanga.

Halafu kuna hoteli na majengo makubwa. Mengi yana kisima chake na pia yameunganishwa na maji ya mamlaka. Mabomba mawili, ya kisima na ya mji, yanakutana mahali fulani nyuma ya jengo, na katikati pana geti vali ya kufunga kwa mkono. Mkumbukeni Nokia. Vali ya kufunga kwa mkono si ukuta. Inategemea mkono wa mtu anayejua, ambaye leo yupo na kesho amehama kazi. Kisima cha pwani kilicho jirani na shimo la choo, bwawa la kuogelea lenye dawa, jiko, dobi, yote hayo yako umbali wa mzunguko mmoja wa mkono kutoka kwenye maji ya shule iliyo ng'ambo ya barabara.

Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kikaenea mikoani na kufika Zanzibar kilikuwa na sababu zake nyingi, na hatusemi kwamba kililetwa na vali. Tunasema tu kwamba nchi yenye kipindupindu haina haki ya kuwa na mabomba yanayonyonya.

Miaka ile tukiwa bado nyumbani, tukiandika katika gazeti ambalo halipo tena, tuliwahi kufuatilia mtaa mmoja ambako maji ya bomba yalikuwa yakitoka na harufu ya choo kila baada ya mvua. Tulikwenda katika ofisi moja kuuliza swali dogo: je, kuna orodha ya mahali ambapo mabomba haya yanakutana na mengine, na mara ya mwisho yalikaguliwa lini? Hatukuonyeshwa orodha. Tuliulizwa tumetumwa na nani. Siku chache baadaye tukaambiwa habari yetu ni ya uchochezi. Uchochezi wa maji! Hatukuondoka nchini kwa sababu ya habari hiyo, zilikuwepo nyingine nzito zaidi, lakini hadi leo tunapoiona ile barua fupi ya huku isiyo na adabu tunakumbuka kwamba swali letu lilikuwa halali. Fundi yeyote wa Marekani mwenye cheti angeweza kulijibu kuhusu jengo lake kwa kufungua faili.

Wapo watakaosema: nyie mko ughaibuni, mnatuletea vifaa vya matajiri. Hoja hiyo tunaiheshimu na tunaijibu. Ile seti yenye mlango wa dharura hatuiombei kila nyumba ya Mbagala au Likoni. Kwanza ni ghali. Pili, pale ambapo presha inaanguka kila siku, mlango wake ungemwaga maji kila siku, na maji yenyewe ndiyo hayo hayatoshi. Ya hospitali, viwanda, maabara na hoteli kubwa, ndiyo, tunaidai, pamoja na chujio la mchanga mbele yake kwa sababu ya maji yetu yalivyo, na fundi wa kuipima kila mwaka. Kwa nyumba ya kawaida kuna kinga ya zamani kuliko zote, isiyo na springi wala mpira wa kubadilisha: nafasi ya hewa. Maji ya mtaa yaangukie ndani ya tangi kutoka juu, mdomo wa bomba usiguse maji kamwe, na tundu la kufurikia liwe chini ya mdomo huo. Huku kanuni yake ni kwamba nafasi hiyo iwe mara mbili ya upana wa bomba, na isipungue inchi moja. Pampu ivute kutoka tangi hilo, isivute mtaani. Maji hayawezi kuruka hewani kurudi bombani. Gharama yake ni kiwiko kimoja cha bomba na fundi anayejua kwa nini anakiweka juu badala ya chini.

Na hapa tuna neno na wenzetu wa ughaibuni, maana nyumba nyingi zinazoota Kigamboni, Fuoni na Mtwapa zinajengwa kwa pesa zinazotumwa kutoka Muscat, London na Columbus. Tunamtumia fundi pesa za marumaru, za geti la umeme, za taa za ukutani. Tunadai picha za kila hatua kwa simu. Ni nani kati yetu aliyewahi kudai picha ya mahali bomba la mtaa linapoingia kwenye tangi? Wapo miongoni mwetu waliosomea kazi hii, wana vyeti vya kupima vali katika majimbo wanayoishi, wanalipwa kwa saa kuwalinda watu wa Ohio na Minnesota wasinywe sabuni ya dobi. Likizo wanapokwenda nyumbani wanafikia katika nyumba zao zenye pampu iliyofungwa kwenye bomba la mtaa.

Watu hao ni hazina, na mamlaka zetu za maji zingeweza kuwatumia bila hata kuwalipa tiketi. Vyuo vya ufundi vinahitaji geji chache, vali chache za kufunguliwa na kufungwa na wanafunzi, na mtu wa kuwaonyesha. Wiki mbili zinatosha kumfundisha fundi bomba mwenye akili. Kinachobaki ni amri ya mwenye maji, na mwenye maji ni mamlaka: hoteli hii, hospitali hii, kiwanda hiki, leteni fomu au tunafunga koki. Mamlaka zetu haziogopi kukata maji, hilo tunalijua vizuri. Mjane mwenye deni la miezi miwili anakatiwa asubuhi na mapema. Basi ukali huo huo upelekwe pia kwa mwenye hoteli ya nyota tano ambaye hajawahi kuonyesha vali yake kwa mtu.

Tunarudia swali letu lile lile, safari hii tukiwa mahali ambapo hatuwezi kuitwa ofisini. Kwa kila mamlaka ya maji ya mji wa pwani: orodha ya majengo yenye kisima na maji ya mji kwa pamoja iko wapi, kila jengo lilikaguliwa tarehe gani, na ni nani aliyeweka sahihi? Atakayetuletea orodha hiyo tutaichapisha hapa yote, jina kwa jina, bila kukata hata mstari.